Kibuyu cha Kukodi na Jina Lililosahaulika

Mtaa wa Mountain View umo magharibi mwa jiji la Nairobi, kando ya Barabara ya Waiyaki, mbele ya Kangemi kwa msafiri atokaye katikati ya jiji. Jumamosi nyingi katika mtaa huo na mitaa iliyo jirani, mahema husimamishwa uani, viti hupangwa, kisha gari la mizigo huwasili na shehena ambayo hapo kale haikuhitaji kuletwa na gari, kwa maana ilikuwa jikoni na darini mwa wenye nyumba: vibuyu, vyungu, nyungo, vigoda, vyondo, pembe za kunywea, mikuki na ngao. Wakwe wanakuja kujadili mahari. Vyombo hupangwa mbele ya wazee, nyimbo huimbwa, picha hupigwa. Jioni, shughuli inapokwisha, vyombo huhesabiwa kimoja kimoja, hupanguswa vumbi na kurudishwa kwa aliyevikodisha, vingojee Jumamosi nyingine katika mtaa mwingine.

Vingi vya vyombo hivyo havijapata kutiwa uji, maziwa wala muratina. Vilifinyangwa, vikachongwa au vikasukwa ili vitazamwe. Ni nakala za vyombo vya kale, si vyombo vya kale vyenyewe. Hali hii imewafanya baadhi ya watu waipuuze biashara nzima na kuiita ulaghai, ilhali wengine wanaishangilia kuwa ni ufufuo wa utamaduni. Makala haya yanashikilia kwamba pande zote mbili zimekosa shabaha. Nakala haiwi uongo kwa sababu tu ni mpya. Kasoro yake kubwa ni kwamba aghalabu hutengenezwa na kuuzwa bila jina, bila kipimo na bila maelezo ya kazi yake, na hayo matatu ni mambo ya lugha kabla ya kuwa mambo ya biashara. Kwa mantiki hiyo, suala hili linawahusu wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kuliko wanavyodhani.

Ni vyema kwanza kubainisha wanaozihitaji nakala hizi. Wa kwanza ni familia zinazofanya sherehe za mahari mjini. Wa pili ni shule na vyuo vinavyoshiriki mashindano ya muziki na ya drama, ambako kikundi cha ngoma kikipanda jukwaani bila kinu na mchi wake huonekana hakijajiandaa. Wa tatu ni wakusanyaji na watalii wanaozuru Soko la Jiji katika Barabara ya Muindi Mbingu, au Soko la Wamaasai linalohama kutoka kiwanja hiki hadi kile kwa siku za juma. Wa nne ni watengenezaji wa filamu, na wa tano ni vituo vya utamaduni. Bomas za Kenya, zilizoanzishwa mwaka 1971 katika eneo la Lang'ata, zilijengewa mifano ya maboma ya jamii mbalimbali, na boma lisilo na vyombo halimshawishi mgeni. Kwa hiyo nakala si jambo la jana, wala si la watu wachache.

Tatizo la jina hujitokeza mnunuzi anapouliza swali jepesi kabisa: hiki chaitwaje? Jibu la kawaida ni kwamba ni kibuyu. Kikubwa ni kibuyu, kidogo ni kibuyu, chenye shingo ndefu ni kibuyu na kilichokatwa nusu ni kibuyu. Ilhali Kiswahili chenyewe kina dundu kwa buyu kubwa, kitoma kwa kibuyu kidogo, tunguri kwa kile cha mganga, na kata kwa kile cha kutekea maji. Vivyo hivyo kwa vyombo vya udongo. Muuzaji huviita vyote vyungu, ingawa lugha imetenganisha chungu cha kupikia na mtungi wa maji, gudulia la kupozea maji na kibia cha kufunikia au kupakulia. Atakayefungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa mara ya kwanza mwaka 1981, ataona jinsi leksikoni ya jikoni ilivyo pana. Hapo ndipo panapodhihirika hali ya kusikitisha: katika kamusi jina lipo bila kitu, na sokoni kitu kipo bila jina.

Nairobi ina utajiri mwingine unaopotea kwa namna hiyohiyo. Vyombo vinavyokodishwa Mountain View si vya jamii moja. Kibuyu cha maziwa cha Wakalenjin huitwa sotet, na kina ufito wake wa kukisafishia uitwao sosiot. Ndani yake hupakwa mkaa wa mti maalumu kabla ya maziwa kutiwa na kuachwa yagande yawe mursik. Wagikuyu wana gĩtarũrũ, ambao ni ungo wa kupepetea nafaka, na wana mũkwa, mkanda wa ngozi unaopitishwa utosini ili mgongo ubebe mzigo wa kuni. Mwenye kukodisha anapouweka mũkwa kama pambo la meza, pasi na kueleza kwamba huo ndio ulioacha alama katika vipaji vya nyuso za bibi wengi wa nchi hii, ameonyesha ngozi na kuficha kazi. Kijana aliyezaliwa mjini huondoka sherehe ikiisha akiwa ameona vitu vingi na hajajifunza hata neno moja.

Mahali penyewe panadai uangalifu zaidi ya huu. Barabara ya Waiyaki imepewa jina la Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wagikuyu wa eneo hilo la Kabete na Dagoretti. Kabla ya reli kufika Nairobi mwaka 1899, hapo palikuwa ukingo wa nchi mbili: misafara iliyotoka pwani ilinunua chakula kwa Wagikuyu kabla ya kuingia Bonde la Ufa kuelekea Uganda. Lugard alijenga kituo Dagoretti mwaka 1890, na mwaka 1891 Ngome ya Smith ikajengwa Kabete. Mwaka 1892 Waiyaki alikamatwa na kusafirishwa kuelekea pwani, akafia njiani, Kibwezi. Wapagazi, walinzi na wafanyabiashara waliopita hapo walizungumza Kiswahili, na waliacha nyuma yao vitu pamoja na majina ya vitu hivyo. Ndiyo maana Kigikuyu kina thaburia kwa sufuria, thaani kwa sahani na gĩkombe kwa kikombe.

Ushahidi huu wa kiisimu una uzito katika mjadala wa nakala. Watengenezaji na wakodishaji wengi huamini kwamba nyumba ya kale lazima iwe na udongo, mti, ngozi na vibuyu pekee. Wanaondoa kila chenye dalili ya chuma au kiwanda kwa kudhani kwamba wanautakasa utamaduni. Lakini nyumba ya mwishoni mwa karne ya 19 katika ukingo huo wa biashara yamkini ilikuwa na shanga za kioo zilizotoka Venice, waya wa shaba uliokuja na misafara, na hata kipande cha merikani. Neno merikani lenyewe ni daftari la historia. Ni kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kilicholetwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Marekani, hasa wa bandari ya Salem katika jimbo la Massachusetts, na mkataba wa biashara baina ya Marekani na Sultani Said ulitiwa saini mwaka 1833. Nakala inayofuta athari za misafara inafuta pia nafasi ya Kiswahili katika historia ya bara. Si ajabu basi kwamba wapo Wakenya wanaodhani hadi leo kwamba lugha hii ilipanda milima kwa treni au kwa vitabu vya shule.

Kipimo nacho kinadai mjadala wake. Hakuna mwanafunzi wa Kiswahili asiyeijua methali isemayo haba na haba hujaza kibaba. Huandikwa katika insha, hutungiwa visa katika mitihani, huchorwa katika kuta za shule. Wangapi wamekiona kibaba? Kibaba ni kipimo cha nafaka, na vibaba 4 hufanya pishi 1. Mpagazi wa msafara alipimiwa posho yake ya siku kwa kibaba, na kibaba kilichopunjwa kilikuwa njaa kwa mtu aliyebeba mzigo mzito tangu alfajiri. Fundi anayechonga kibaba cha mapambo kisichozingatia ujazo wake ametengeneza kikombe cha mti, hakutengeneza kibaba. Methali nayo hubaki ganda tupu midomoni mwa wanaoikariri. Chombo kilichotengenezwa kwa kipimo sahihi kingeweza kumfundisha mtoto maana ya methali hiyo kwa konzi chache za mahindi, bila mwalimu kutoa mhadhara.

Hapa mfano wa mbali unaweza kufaa. Nchini Marekani wapo watu wengi ambao burudani yao ni kuigiza maisha ya wawindaji na wafanyabiashara wa ngozi waliokutana kila mwaka katika Milima ya Rocky kati ya mwaka 1825 na 1840. Hupiga kambi, huvaa mavazi ya zama hizo, hupika kwa vyungu vya chuma, na mafundi huwatengenezea taa, visu, mifuko, vikombe na masanduku ya namna ile. Kambi nyingi za aina hiyo zina sharti moja kuu: kifaa kiwe cha namna iliyokuwapo kabla ya mwaka 1840. Kinaweza kuwa kimetengenezwa mwezi uliopita, lakini umbo, malighafi na matumizi yake lazima yathibitike. Mwenye kuleta kifaa ataulizwa amekipata wapi katika kumbukumbu, na atatakiwa ajibu. Waigizaji hao wana upungufu wao, kwani ni rahisi kuigiza furaha ya kambi na kusahau wenyeji walionyang'anywa nchi. Hata hivyo, sharti lao la ushahidi linastahili kuigwa.

Kenya nayo ina mwaka wake. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 huhesabu kuwa kitu cha kale kile kinachohamishika kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895, mbali na vitabu na hati. Mwaka huo ndio Uingereza ilipotangaza himaya yake katika nchi hii. Mpaka huo wa kisheria umewekwa ili kuzuia vitu vya kale visisafirishwe kiholela. Ungeweza pia kuwa mwongozo kwa mafundi: nakala inayodai kuwakilisha maisha ya kabla ya 1895 iwe na ushahidi wake, na ile ya zama za baadaye iseme wazi kwamba ni ya baadaye. Kwa sasa, chombo cha Wamaasai, cha Wakamba na cha Wagikuyu, cha karne ya 19 na cha miaka ya 1970, huwekwa katika meza moja na kuitwa vyote vya kiasili.

Wanaopinga nakala huuliza kwa nini visitafutwe vyombo halisi. Jibu limo katika yaliyowapata Wamijikenda. Vigango, nguzo zinazochongwa na kusimikwa kwa kumbukumbu ya wafu, viliibwa kwa wingi ili kukidhi tamaa ya wakusanyaji wa ng'ambo. Viwili vilivyoibwa kwa familia moja mwaka 1985 vilipatikana katika makumbusho ya vyuo viwili nchini Marekani, na vilirudishwa mwaka 2007, baada ya zaidi ya miaka 20. Mkusanyaji anayetosheka na nakala haendi kung'oa nguzo ya kaburi la mtu. Familia inayokodi kibuyu kipya haimbembelezi bibi kijijini awauzie kile alichorithi kwa mamaye. Nakala yenye kusema ukweli juu ya nafsi yake ni ngao ya vile vilivyobaki.

Sharti ni huko kusema ukweli. Kuna nakala zinazozeeshwa kwa moshi, mafuta na udongo ili ziuzwe kwa bei ya vitu vya kale. Kuna mti mwepesi unaopakwa rangi ya viatu na kuitwa mpingo. Kuna masanduku ya pwani yanayotoka kwa seremala mwezi huu na kupewa umri wa karne moja kabla ya mwezi kwisha. Udanganyifu huu una madhara mawili. Humdhulumu mnunuzi, na humdhulumu fundi zaidi, kwa sababu fundi anayelazimika kuficha kwamba kazi ni yake hawezi kujulikana kwa kazi hiyo. Historia ya uchongaji wa Wakamba ina jina la Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza ufundi huo Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na kurudi nao nyumbani. Jina lake limedumu kwa sababu watu walilitaja. Wafinyanzi wanawake ambao vyungu vyao vimejaa katika masoko ya Nairobi hawana bahati hiyo.

Yamkini patakuwa na atakayesema kwamba huku ni kuwatwisha wachuuzi mzigo wa wasomi. Mchuuzi wa Kangemi anatafuta karo ya watoto, na bwana harusi anatafuta picha nzuri, wala hakuna kati yao aliyeomba somo la leksikografia. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Utamaduni hubadilika, na sherehe ya mahari chini ya hema la kukodi si ya bandia kwa sababu ya hema. Wazee waliokaa hapo ni wazee kweli, na ahadi wanazopeana zitawafunga kweli. Lakini hoja hiyo inasahau kwamba wenye sherehe wenyewe ndio waliochagua kuviweka vyombo hivyo mbele ya wazee. Wangeweza kupamba kwa maua pekee. Walikodi kinu, dundu na ungo kwa kuwa walitaka kusema jambo kuhusu walikotoka, na mtu anayetaka kusema jambo anahitaji maneno.

Linganisha na nyumba ya Karen Blixen, mwandishi wa Denmark aliyeishi magharibi mwa Nairobi hadi mwaka 1931. Nyumba hiyo iligeuzwa makumbusho mwaka 1986, mwaka mmoja baada ya filamu kuhusu maisha yake kutolewa. Ndani yake vimo vitu vilivyokuwa vyake na vimo vilivyoletwa kujaza nafasi, na mgeni huweza kuelezwa tofauti hiyo. Kiti cha mlowezi kina wasifu. Kigoda cha mzee wa Kabete wa zama hizohizo hakina hata jina la aliyekikalia, na nakala yake haina jina la aliyeichonga. Tofauti hiyo haikuletwa na thamani ya mti. Imeletwa na kalamu: upande mmoja uliandika, upande mwingine haukuandikiwa.

Hapa ndipo vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vinapopata kazi. Kila muhula wanafunzi hutafuta mada za tasnifu, na wengi huishia kuchambua maudhui na fani ya riwaya ambayo imekwisha kuchambuliwa mara kadhaa. Mwanafunzi mmoja angetosha kwenda Kangemi, mwingine Gikomba, mwingine Soko la Jiji, wakakusanya majina ya vyombo kwa lugha za mama na kwa Kiswahili, pamoja na kipimo, malighafi, kazi na jina la fundi kwa idhini yake. Orodha hiyo ingezaa kikadi kidogo cha kufungwa kwenye kila chombo cha kukodi: chaitwa hivi kwa Kigikuyu au Kikalenjin, chaitwa hivi kwa Kiswahili, kilitumika hivi, kimetengenezwa na fulani mwaka fulani. Kikadi hakina gharama kubwa, na mkodishaji mwerevu atang'amua upesi kwamba chombo chenye maelezo hukodiwa kwa bei bora kuliko bubu.

Kazi hiyo ina haraka kuliko inavyoonekana. Nakala zinaweza kutengenezwa wakati wowote, kwa maana udongo upo na mibuyu midogo ya bustanini bado yatambaa. Wanaojua kwa nini kibuyu kilichopasuka kilishonwa badala ya kutupwa, au kwa nini kinu hiki kilikuwa na shingo na kile hakikuwa nayo, ni wazee, nao hawatakuwapo siku zote. Wengi wao huketi mbele ya vyombo hivyo kila Jumamosi, wakiwa wageni wa heshima, na hakuna anayewauliza lolote ila kiasi cha mahari. Mwanafunzi wa Kiswahili aliyealikwa katika sherehe kama hiyo asisubiri chakula kwisha. Na asogeze kigoda karibu na bibi mmoja, achukue daftari, aelekeze kidole kwenye chombo kilicho mbele yao na aulize kinaitwaje. Wahenga walikwisha kuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.